Ruhusa ya Kukata Mguu wa Natalia

Sehemu ya mwisho

Landrova ya polisi ilikuwa imeshaanza kuondoka, na wiki iliyopita tulimwacha Anselimu amefungua mdomo.

Neno lenyewe lilikuwa fupi. "Mimi." Mimi ndiye niliyedanganya. Kama lingetoka lote pale mbele ya kituo, mganga Herieli angeshushwa garini na pingu zingetafuta mikono mingine.

Halikutoka.

Landrova ilitambaa kidogo, ikakohoa, ikazima. Betri yake ilikufa tangu Pasaka, na Babati nzima hapakuwa na betri ya kununua, kama vile hapakuwa na sabuni, wala sukari, wala kanga ya kumfunika maiti.

"Wananchi!" Sajini Romanus akatoa kichwa dirishani. "Mnatazama nini? Sukumeni!"

Basi watu wakasukuma. Walisukuma wale wale waliokuja kumlilia Herieli. Walisukuma akina mama aliowazalisha na wazee aliowatoa meno. Na aliyekuwa karibu kabisa na bodi la nyuma, ndugu msomaji, alikuwa Anselimu.

Akaweka mikono. Kati ya uso wake na uso wa Herieli palikuwa na turubai lililochanika tu.

"Anselimu," Herieli akamwambia taratibu, "sukuma kwa bega. Ukisukuma kwa mikono utaumiza kiuno."

Ndivyo alivyokuwa mtu yule. Pingu ziko mkononi na bado anatibu watu.

Anselimu akaweka bega. Gari likashika, likatema moshi mweusi, likaondoka. Yeye akabaki katikati ya barabara, vumbi limemjaa machoni. Amemsindikiza kwa nguvu zake mwenyewe mtu anayekwenda kufungwa kwa kosa lake.

Wewe uliyeliokota gazeti hili leo limefungiwa karanga, sikiliza upesi ili twende pamoja.

Natalia ni binti wa Melkiadi na Fabiola. Alikuwa akikaa Mutuka kwa mjomba wake, huyu Anselimu, kaka yake Fabiola. Siku ya kulima, Natalia alishika kamba mbele ya maksai na mjomba alikuwa nyuma na plau. Anselimu akamchapa dume mmoja kwa hasira, maksai wakaruka, mtoto akaanguka, plau likampitia mguuni. Anselimu akaufunga mguu kwa kitambaa cha kichwa cha mkewe, akamlaza mtoto kivulini, akaendelea kulima. Mvua ilikuwa imenyesha, na ardhi ikikauka haimngoji mtu.

Mguu ukaoza. Walipofika hospitali, Herieli, mganga msaidizi ambaye mji mzima unamwita daktari, akanusa kabla hajafungua kitambaa. Akasema mguu ukatwe. Lakini huyu ni mtoto, akasema. Hakatwi mpaka mzazi wake aseme ndiyo. Akamtuma Anselimu kwa wazazi, juu kule njia ya Dareda.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Nyumba ya Melkiadi ilikuwa imefungwa. Walikuwa wamefiwa na mtoto wa kunyonya, na kwa mila ya Wambulu nyumba ya namna hiyo hukaa peke yake. Haichangii moto na jirani, wala maji, wala njia, mpaka wazee waje waifungue. Watoto wakubwa huondolewa mapema wasipatwe na mkosi, na ndiyo sababu Natalia alikuwa kwa mjomba wake. Tatizo ni kwamba Melkiadi alikuwa katekista. Kila Jumapili alisimama akiikemea mila hiyo hiyo mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Msiba ulipomfika yeye, akalaza tawi njiani, alama ya nyumba iliyofungwa, kama baba yake alivyolaza, akapeleka habari parokiani kwamba anaumwa kifua.

Anselimu alisimama kwenye lile tawi, akapiga kelele: "Shemeji! Mguu wa Natalia umeoza! Wanataka kuukata!"

Melkiadi akajibu kutoka uani: "Waambie wasubiri! Wazee wanafungua nyumba wiki ijayo. Nitakuja mwenyewe!"

Wasubiri. Ndilo neno alilopewa. Anselimu akalibeba mpaka katikati ya mteremko, akaliona zito. Alipofika hospitali akasema: "Baba yake amesema mkate, msisubiri."

Herieli akakata. Mtoto akapona.

Nyumba ilipofunguliwa, Melkiadi akashuka na kibuyu cha maziwa ya binti yake, akamkuta kitandani ana mguu mmoja. Maziwa yakamwagika pale pale. Akaenda polisi, akasema hakuna mtu aliyekuja kwake kumwuliza. Polisi wakamwita Anselimu. Naye, mbele ya Herieli anayemtazama, akasema: "Nilitumwa kweli, lakini sikumkuta."

Wale wawili hawakuwa wamepatana. Kila mmoja alikuwa anafunika lake. Lakini uongo wao ulikaa pamoja kama mlango na fremu yake, na Herieli akafungiwa humo ndani.

Haya, turudi barabarani.

Mkono ulimshika Anselimu shati kwa nyuma, ukamvuta mpaka ukutani kwa duka la ushirika, ambako watu walikuwa wamepanga mawe badala yao kwenye foleni ya sukari isiyokuja.

Alikuwa dada yake, Fabiola.

"Ulitaka kusema nini mbele ya polisi?"

"Ukweli, dada."

"Ukweli upi? Wewe siku hizi una ukweli wa kila aina, unampa kila mtu wa saizi yake."

"Dada, Herieli anakwenda Arusha na pingu."

"Na ukisema ulimkuta Melkiadi, watakuuliza ulimkuta wapi. Watauliza kwa nini baba mwenye miguu yote miwili asishuke kumtazama mtoto wake. Padri atajua. Mwenzangu atavuliwa ukatekista, watu watamcheka mpaka makaburini."

"Kwa hiyo Herieli afungwe?"

"Herieli ana elimu. Mwenye elimu hafungwi sana."

"Nani kakwambia?"

Fabiola akatazama chini. "Melkiadi."

Mama mmoja akapita akasogeza jiwe lake mbele kidogo, akawatazama, akaondoka.

Kisha Fabiola akasema kwa sauti nyingine kabisa: "Nilikuona siku ile."

"Wapi?"

"Nilikuwa nyuma ya zizi. Nilisikia ukisema mguu umeoza. Nikamsikia Baba Natalia akisema wasubiri. Nami nikasema kateni. Nilisema kwa sauti, Anselimu. Kateni, mtoto wangu apone."

"Sikukusikia."

"Ungenisikiaje? Ulishageuka. Ulikuja unamtafuta baba, ukampata baba, basi, safari imekwisha. Herieli alitaka neno la mzazi. Mimi ni nani? Yule mtoto Melkiadi alimzaa peke yake? Ungesema tu, 'Dada yangu yuko wapi?' Ungeondoka na ruhusa ya kweli, usingekuwa na haja ya kutengeneza ya kwako."

Anselimu akaketi kwenye foleni ya mawe.

Wiki zote hizi alijifariji kwamba alidanganya kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Njia ilikuwa imesimama nyuma ya zizi inapiga kelele. Hakuitazama.

"Basi twende tukaseme wote wawili," akasema. "Wewe sema ulitoa ruhusa, mimi nitasema nilidanganya."

"Nikishasema nitalala wapi? Kwako? Utaniweka na yule mke wako anayehesabu viazi?" Fabiola akajifunga kanga yake vizuri. "Nampelekea mume wangu chakula cha njiani, gari haliendi bila kungoja mafuta. Naye yumo garini, anakwenda Arusha, ndiye mlalamikaji. Wewe kaa kimya kama ulivyozoea."

Akaondoka.

Anselimu hakukaa. Akaenda hospitali.

Alimkuta Natalia ameketi kitandani, anamfundisha mgonjwa wa kitanda cha pili kusuka ukili. Alipomwona mjomba wake akacheka.

"Shikamoo mjomba. Mbona umepakwa vumbi kama kuku?"

"Marahaba. Nilikuwa nasukuma gari."

"Gari la nani?"

Anselimu akakohoa. "La serikali."

"Daktari yuko wapi? Alisema leo atanitoa nyuzi. Zinawasha! Nikijikuna nesi Skolastika ananipiga vidole."

"Atakuja."

"Lini?"

Hata kwa mtoto. Neno moja limemshinda hata kwa mtoto. Alikuwa anatafuta la kujibu akasikia kelele mlangoni.

Mwanamke wa Kirangi, Mwamvita, aliyepanga chumba karibu na soko, alikuwa amesimama na mwanawe mgongoni. Mtoto alikuwa na jipu chini ya taya, limevimba mpaka shingo haionekani. Kila akivuta pumzi unasikia mluzi.

"Mama, nimeshakwambia," nesi Skolastika alikuwa anasema. "Sindano tumemchoma. Kupasua hatupasui. Lete baba yake."

"Baba yake yuko safarini na lori! Amekwenda kupakia chumvi Singida!"

"Akirudi mlete."

"Nesi, mimi ndiye niliyemzaa. Mimi nasema mpasue!"

"Na mimi nina watoto wangu, Mama. Umemwona Herieli asubuhi hii? Alipasua kwa neno la kuletewa. Yuko wapi sasa? Mkunga mkuu amesema, kuanzia leo mtoto haguswi na kisu mpaka baba yake aje kwa miguu yake, tumwone kwa macho."

"Na asiporudi wiki hii?"

Skolastika alikuwa mwanamke mzuri, watu wote wanajua. Alimfuta yule mtoto jasho kwa kona ya aproni yake, akaondoka haraka kama mtu anayefukuzwa.

Mwamvita akamgeukia Anselimu, mwanamume pekee aliyekuwepo. "Kaka, unamjua mkubwa yeyote hapa? Mtu wa kunisemea?"

Mluzi. Mtoto akavuta pumzi. Mluzi.

Anselimu akatoka mbio.

Alikimbia kufuata njia ya Arusha, akijua gari la polisi haliwezi kuwa mbali. Hakuna gari lililokuwa linafika mbali siku zile. Na kweli, pale kwenye kituo cha mafuta akaikuta Landrova imepanga foleni nyuma ya trekta la kijiji na malori ya mahindi. Lori la tangi la mafuta lilitarajiwa tangu jana. Serikali nayo ilikuwa inangoja zamu.

Sajini Romanus alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa anakula muhogo. Mbele ya gari aliketi Melkiadi, amevaa koti lake la Jumapili. Nyuma, chini ya turubai, alikuwa Herieli na askari mmoja aliyesinzia.

Anselimu akaenda nyuma.

"Daktari."

"Umekuja kusukuma tena?"

"Nimekuja kusema. Nilimkuta. Alisema wasubiri. Mimi nikabadilisha nikakuletea 'kata'. Halafu polisi nikawaambia sikumkuta. Nilidanganya mara mbili, daktari."

Alingoja matusi. Aliyataka, kwa kweli. Yangemfaa kama maji ya kuoga.

Herieli akamtazama tu. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Uliniambia, 'Amesema mkate, msisubiri.' Mimi sikuwa nimetaja kusubiri. Nikajiuliza hiyo 'msisubiri' imetoka wapi? Nikajua huko juu kuna mtu amesema subirini."

"Na ukakata?"

"Nikakata."

"Kwa nini basi hukuwaambia polisi kwamba..."

"Ngoja nikwambie kitu, halafu uende nacho nyumbani." Herieli akasogea mpaka mnyororo ukagonga bodi. "Chuoni walitufundisha wazi kabisa. Mtoto akiwa anakufa na mzazi hapatikani, mganga anakata. Hangoji neno la mtu. Nililijua hilo asubuhi ile ile ulipomleta Natalia. Nililijua nikiwa nimeshika kisu."

"Sasa ulinituma kwa nini?"

"Niliogopa. Mimi ni mtu wa kuja hapa, si wa kwenu. Nikakata mtoto wa katekista, halafu akanifia mezani? Nikasema acha nipate mtu wa kusimama naye. Nikakutuma mlimani ukaniletee mwenzangu wa lawama." Akameza mate. "Asubuhi ile, Anselimu, ilikuwa ni kukata kwenye kifundo cha mguu. Ulivyorudi jioni, ubaya ulikuwa umepanda. Nikakata chini ya goti. Kipande kile cha katikati kiko juu yangu. Si juu yako, wala si juu ya baba yake."

Anselimu alikuja kuutua mzigo, akakuta mwenzake amekaa juu ya wake. Hakujua afanye nini na mikono yake.

"Yupo mtoto mwingine," akasema. "Jipu kooni. Hawampasui. Wanasema wamngoje baba, kwa sababu yako. Kwa sababu yangu."

Herieli akasimama ghafla akagonga kichwa kwenye bomba la turubai. "Anapumuaje?"

"Kwa mluzi."

"Sajini!" Herieli akaita. "Sajini Romanus! Nirudishe hospitali, nusu saa tu! Nitafanya na pingu zangu!"

Sajini akaja na muhogo wake. "Kuna nini hapa? Nani amekuruhusu wewe kuongea na mtuhumiwa?"

Hapo ndipo neno la wiki iliyopita likatoka.

"Mimi ndiye niliyedanganya, afande!" Anselimu akasema kwa sauti kubwa mpaka madereva wote wakashuka kusikiliza. "Nilimkuta Melkiadi. Nilimkuta kwake, akaniambia wasubiri. Nikamwambia daktari amekubali. Daktari hana kosa. Nifunge mimi!"

"Huyu amelewa," dereva wa trekta akasema.

"Amelewa nini, bia iko wapi mjini humu?" mwingine akamjibu.

Mlango wa mbele ukafunguka. Melkiadi akashuka taratibu, koti limekaa sawasawa.

"Sajini, huyu ni shemeji yangu, na ni mwongo. Mbele yako wewe mwenyewe alisema hakunikuta. Leo amenikuta. Kesho atasema nilimpa na kisu."

"Uliniambia wasubiri, Melkiadi! Nilikuwa nimesimama kwenye tawi!"

"Tawi gani?"

Anselimu akieleza ni tawi gani, amemvua shemeji yake nguo mbele ya foleni nzima.

"Tawi gani?" Melkiadi akarudia. "Sajini, nilikuwa kwangu, naumwa kifua. Mke wangu alikuwa nami siku zote. Huyo anakuja na chakula, mwulize yeye."

Fabiola alikuwa amefika. Kikapu kiko mkononi, viazi vitamu vimefunikwa kwa jani la mgomba.

"Mama Natalia," Sajini akasema, "kaka yako anasema alikuja kwenu kuomba ruhusa. Mumeo anasema hakuja. Ni nani mkweli?"

Fabiola akamtazama kaka yake, akamtazama mumewe. Akakiweka kikapu chini.

"Nikikujibu, yule mtoto mwingine wanayemkataa hospitali watampasua? Nimekutana na mama yake njiani anatembea analia."

"Mtoto gani? Jibu nilichokuuliza."

"Alikuja. Mume wangu akasema wasubiri. Mimi nikasema kateni. Mimi ni mama yake, afande. Ruhusa iliyomkata Natalia ni yangu, ila aliyekuja kuichukua hakunitazama."

"Ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya zizi."

"Kwa nini nyuma ya zizi? Kwa nini hukushuka hospitali?"

"Kwa sababu tulikuwa tumefungwa. Nyumba yetu ilikuwa na tawi."

Wambulu wote waliokuwepo walielewa. Wasio Wambulu wakaulizana kwa minong'ono, wakaelezwa, nao wakaelewa.

"Katekista?" mtu akasema. "Katekista huyu huyu? Si ndiye aliyenitoa mbele ya kanisa mimi kwa sababu mama yangu alilaza tawi?"

Kicheko kikaanza pembeni. Hakikufika mbali.

Melkiadi alikuwa amevua koti. Akalikunja mara mbili, akaliweka juu ya boneti kama mtu anayejiandaa kulima.

"Mtoto wangu mdogo alifia mikononi mwangu," akasema. Hakuwa anaongea na Sajini. "Nilikuwa na mauti mikononi. Nilifundisha watu kwamba ni upuuzi, na labda ni upuuzi. Lakini nilisema, nikishuka nikamshika Natalia na mikono hii, naye akafa? Ningejua ni padri ndiye mkweli au ni baba yangu? Sikutaka kuwapima wawili hao kwa mtoto wangu. Nikasema wasubiri." Akafuta uso. "Halafu nikamkuta hana mguu. Nikatafuta mtu wa kumshtaki asiwe mimi."

Anselimu alitamani ardhi ipasuke. Aliyajua maneno yale. Yangeweza kuwa yake, au ya Herieli.

"Sajini," akasema, "umesikia wote. Mwachie basi daktari akampasue yule mtoto."

Sajini Romanus akalitupa ganda la muhogo. Si mtu mbaya. Alionekana amechoka kuliko wote.

"Nimesikia. Na nitayaandika yote. Lakini amri niliyopewa ni kumfikisha huyu Arusha. Kumwachia si kazi yangu, ni kazi ya mkubwa aliyetia saini, na mkubwa yuko Arusha. Nikimpeleka hospitali akatoroka, kesho pingu ni zangu." Akamgeukia Anselimu. "Na wewe panda. Umewadanganya polisi, hukudanganya watu wa mtaani."

"Afande, mtoto anakufa!"

"Hospitali ina watu. Hakuna aliyewakataza kazi."

Na wakati huo huo, ndugu msomaji, honi ikalia. Tangi la mafuta likatokea kwenye kona, limeinama upande mmoja. Watu wote wakapiga vigelegele. Foleni ikasahau kilio, ikasahau katekista, ikakimbilia madebe yake. Landrova ya serikali ikapewa ya kwanza.

Ilikuwa baraka ya mji mzima, na ndiyo iliyomwondoa Herieli.

Gari likasukumwa tena, likawaka, Herieli akapenya kichwa kwenye turubai. "Fabiola! Kimbia hospitali! Mwambie Skolastika apasue leo hii, chini ya taya, upande ulio laini. Asimngoje mtu! Mwambie ni mimi nimesema!"

Fabiola akaacha kikapu pale pale. Kanga ikamvuka begani hakuiokota. Anselimu alimwona kupitia mpasuko wa turubai akikimbia kurudi mjini, anazidi kuwa mdogo, mpaka vumbi likamfuta.

Mpaka wanapita Magugu Herieli alikuwa anahesabu kitu kwa vidole, mdomo unacheza. Anselimu hakuuliza ni nini. Mnyororo mmoja sasa uliwafunga wawili, na mmoja akijikuna mwingine alivutwa.

Fabiola alifika hospitali pumzi haiko. Alisema yote kama alivyoagizwa. Nesi Skolastika alimsikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akachukua kisu, akakiweka mezani, akakitazama.

"Anayenituma yuko na pingu," akasema. "Nipe mpaka kesho. Labda lori litafika."

Yaliyobaki ni haya.

Herieli alikaa mahabusu Arusha mpaka mahindi yalipokomaa. Fabiola alikwenda kusimama mbele ya hakimu, akasema mbele yake aliyoyasema kwenye kituo cha mafuta, na hakimu akaona mzazi alikubali, kesi hakuna. Herieli hakurudishwa Babati. Alipangiwa zahanati ya mbali isiyo na chumba cha upasuaji, na haikusikika kwamba aliomba kuhamishwa.

Anselimu alifungwa kwa kuwadanganya polisi. Alipotoka alikuta maksai wameuzwa na mkewe anakaa kwao. Mke alirudi, maksai hawakurudi.

Melkiadi hakufukuzwa kanisani. Aliacha mwenyewe kufundisha. Siku hizi anakaa benchi la nyuma na anatoka kabla ya wengine.

Fabiola alizaa tena, mtoto wa kiume, naye yu hai. Yeye na kaka yake huonana misibani tu. Husalimiana.

Natalia alitolewa nyuzi na mganga mgeni. Alirudi shule akamaliza la saba, akapata mguu wa mti kutoka kwa wamisionari, akaolewa Magugu na mkulima wa mpunga. Ana watoto. Mjomba wake anapomtembelea humpikia kuku.

Skolastika aliacha unesi mwaka uliofuata akafungua kibanda cha kushona.

Mtoto wa Mwamvita alikufa alfajiri, lori halijafika. Baba yake alirudi siku mbili baadaye na chumvi yake. Alikwenda hospitali akauliza ni nani aliyesema wamngoje yeye. Akaambiwa ni sheria. Akauliza imeandikwa wapi, na mkunga mkuu akasema hajui, ila ndivyo wanavyofanya. Yule bwana akashukuru, akashusha chumvi sokoni, akampakia mkewe na vyombo, wakaenda Kondoa. Chumba chao kilipata mpangaji mwingine kabla ya mwezi kwisha.